Breki ni Mapambo?

Mimi naitwa Melchior, na kama umewahi kuanguka na baiskeli ndani ya simu yako, basi tunafahamiana. Sauti iliyokufokea ni yangu. Usinikasirikie mimi, mkasirikie mtoto wa dada yangu, Jovithe, maana yeye ndiye aliyenitia humo, na habari hii ni yake. Mimi nimo kwa sababu mdomo wangu haujui kukaa nje ya mambo ya watu.

Nieleze kwanza sauti yenyewe ilikotoka. Miaka mingi nilikuwa shefu, yaani mkubwa, wa wapakuzi pale bandarini kwetu, upande wa Warundi. Meli zinaingia kutoka Kigoma na saruji, sukari, chumvi, mashine zinanguruma, na wewe umesimama chini unawapigia watu kelele wasidondoshe mzigo wa watu. Kipaza sauti hakuna, kifua chako ndicho kipaza sauti. Kiswahili changu pia nilikichuma hapo hapo, kwa mabaharia wa Kigoma. Ndiyo maana kijana wa kwetu akienda kuomba binti wa Wakongomani, familia nzima inanikumbuka mimi. Wengine wakifika mbele ya Wakongomani Kiswahili kinawakauka mdomoni. Mimi hakinikauki, hata nikitaka.

Sasa Jovithe. Huyu ni mtoto asiyesema. Ukimuuliza kama amekula, anafikiri kwanza. Baba yake alishatangulia, kwa hiyo mambo yake yote yalikuwa yananifikia mimi. Alisoma informatiki, mambo ya kompyuta, chuo kikuu, akamaliza vizuri, akakaa akingojea kazi kama wenzake, halafu siku moja akaacha kungojea. Alimwomba mama yake sebule. Dada yangu Dorothée ana nyumba Ngagara, kwenye kartie, yaani mtaa, wa sita, nyumba aliyoachiwa na marehemu, na ile sebule ilikuwa fahari yake, viti vya mto, vitambaa vya kufuma kila mahali, picha ya harusi ukutani. Jovithe akavitoa viti, akavipanga nyuma kwenye baraza, akaingiza meza na ordinateri, yaani kompyuta, za mtumba. Mlangoni akatundika kibao: Studio Kiboko.

"Kwa nini Kiboko?" nikamuuliza.

"Kwa sababu, tonton, kiboko wa hapa anatoka ziwani anatembea mjini, na hakuna mutu anamuuliza anaenda wapi."

Tonton, yaani mjomba, ndiye mimi. Nikacheka mpaka nikakaa. Mtoto asiyesema, akisema ndiyo hivyo.

Walikuwa watatu. Yeye ndiye alikuwa anaandika ile lugha ya ordinateri. Hugues, jirani, alikuwa mchoraji. Na Mélissa, msichana mmoja mwenye akili kali, alishika mambo ya sauti na ya kuongea na watu, maana kati ya wale wanaume wawili hakuna aliyejua kuongea na mtu. Walikuwa wanatengeneza mchezo wa simu unaoitwa Teremka. Mchezo wenyewe, kila Mrundi anaujua hata kabla ya kuucheza. Wewe ni mwendesha baiskeli. Umepakia mikungu ya ndizi nyuma mpaka kichwa chako hakionekani, umetoka kule Bugarama kwenye ukungu, unateremka mlima kuja kuuza mjini. Kona, malori, mbuzi, mvua. Breki zako ni viatu vyako. Ukitaka kurudi juu, unashika mkia wa lori na kuomba Mungu. Jovithe aliwaona watu hao tangu utotoni, kila tulipokwenda kumsalimia bibi yake, na nadhani hakuwahi kuwatoa kichwani.

Siku niliyoingia mimi kwenye hiyo habari nilikuwa nimekwenda kumsalimia dada tu. Nikakuta wamesimamisha magodoro ukutani kuzuia kelele, na kijana mmoja wa mambo ya tamthilia anasoma maneno ya kumkemea mchezaji akianguka. Jamani! Alikuwa anakemea kama anasoma somo la pili kanisani. Hugues akanipa simu nijaribu. Nikapanda baiskeli, nikateremka, kona ya kwanza tu nikaenda bondeni na ndizi zote. Hasira zikanipanda.

"We! Macho umeyaacha wapi? Breki ni mapambo? Ndizi za watu hizo!"

Nilikuwa naifokea ile baiskeli, siyo mtu. Mélissa akaruka kutoka kwenye kiti.

"Tonton, sema tena vile vile!"

"Siwezi kusema tena. Mpaka unikasirishe tena."

Basi wakanikasirisha. Hugues alikaa mbele yangu akicheza vibaya makusudi, na mimi nyuma yake namfokea hadi jasho linanitoka. Yule kijana wa tamthilia alikunywa Fanta yake akaenda zake. Mwisho kabisa Jovithe akauliza, kwa sauti yake ile ya chini, "Na akifika sokoni bila kudondosha hata ndizi moja, utamwambia nini?"

Hilo sikulifikiria hata kidogo. Bandarini, mpakuzi mgeni akimaliza siku bila kuangusha mzigo, tulikuwa hatumsifu sana, asije akavimba kichwa. Nilikuwa nasema neno moja tu. Nikalisema na pale mbele ya kile kinasa sauti, pole pole, bila kelele: "Haya. Leo umekuwa mutu."

Jovithe akaliweka mwisho wa mchezo, mahali pagumu kweli kweli. Watu wengi hawajalisikia mpaka leo.

Basi mchezo ukatoka, na ukapendwa. Nasema ukapendwa! Consolate, mama anayeongoza kwaya ya kanisa letu, aliuweka kwenye simu, na wanakwaya wakawa wanachelewa mazoezi. Vijana wa baiskeli za teksi walikuwa wanaegesha kivulini wanacheza baiskeli, nikawauliza kama hawajachoka. Radio moja ikawaita wale watoto watatu, Mélissa akaongea, Jovithe akapumua kwenye maikrofoni. Nilipopita mtaani watoto walikuwa wananikimbilia, "Papa, tufokee!" na mimi, unanijua, sikuwanyima.

Katika msimu huo huo akaja Esperance. Alikuwa na meza ya vitenge soko la Mutakura, na hakuja kununua wala kusifu, alikuja kugomba. Alisimama kwenye mlango wa sebule, simu mkononi.

"Nani alichora huyu mama wa kuuza ndizi? Mwanamuke gani anaenda soko amevaa shuka ya kitanda?"

Hugues akajificha nyuma ya ordinateri. Jovithe akasimama, akamwomba aonyeshe kitenge kinachofaa, na kesho yake Esperance akarudi na vipande vya vitambaa, na kesho kutwa akarudi tena, ingawa vitambaa vilikuwa vimekwisha kuchaguliwa. Dorothée akaniambia, "Kaka, huyu haji juu ya vitambaa." Nikamwambia mimi nina macho.

Baba yake Esperance ni Mzee Namegabe, Mkongomani wa Bukavu, anakaa Mutakura miaka mingi, anapitisha bidhaa kati ya Uvira na hapa. Mtu mfupi, anatembea haraka, hacheki ovyo. Jovithe alipokwenda kumsalimia, mzee alimsikiliza, kisha akamwambia maneno ambayo Esperance mwenyewe alinisimulia neno kwa neno:

"Mutoto wangu anasema uko na kampuni. Ni vizuri. Siku mutakuja kuomba, mbele ya batu bote, mutaniambia ile kampuni inatosha kintu gani. Mi mutu wa bidhaa. Kampuni bila bidhaa ni kibao tu kwenye mulango."

Kwa watu wa Bukavu, kutosha ni kutoa. Na Jovithe hakuthubutu kumwambia kwamba bidhaa ni mchezo. Dakika hiyo hiyo mzee alikuwa amewafokea wanawe wadogo waache michezo ya simu, kwamba hiyo ni kazi ya watu wasio na kwao. Jovithe alijiambia kwamba siku ya kuomba ikifika, studio itakuwa kubwa, na kitu kikubwa kinajieleza chenyewe.

Haikuwa ndoto ya mchana. Kulikuwa na kampuni moja ya nje, jina lake halitusaidii, ilimtuma bwana mmoja mpole kuja kuwaona. Alikula samaki wa mukeke wa kukaanga kwa Dorothée, akajilamba vidole, akacheza Teremka, akaanguka, akanisikia, akacheka. Akasema anawataka. Angeleta ordinateri mpya, ofisi, mishahara, mchezo wa pili na wa tatu. Ila wakubwa zake walitaka kwanza kuona ni watu wangapi wanauchukua mchezo kwenye duka lile la intaneti. Duka linahesabu lenyewe. Kiangazi kikiisha wataangalia hesabu, waamue.

Mélissa alielewa hapo hapo. "Jovithe, tuufunge. Kuanzia leo mutu asiuchukue kwa mutu. Kila mutu apite dukani."

Hapa nisimame kidogo, maana aliyekaa mbali anaweza kutuona wajinga. Kwetu nani anashusha mchezo kwenye intaneti? Megabaiti zinauma. Umeme unakatika, simu inazima katikati, unaanza upya. Kwa hiyo unakwenda kwa aliye nao, anakurushia simu kwa simu, mnapiga soga, inaisha. Au unakwenda kwa wale vijana wa soko la Mutakura wanaojaza nyimbo kwenye kadi, wanakuwekea na Teremka juu yake. Na wa kwanza kuwarushia watu alikuwa Jovithe mwenyewe! Mtu alikuwa anagonga mlango, simu mkononi, anasalimia, anauliza habari za mama, na Jovithe anamrushia.

Akakubali kuufunga. Akaufunga kweli. Siku chache tu baadaye, Consolate akaja na simu mpya, ile ya zamani ilikuwa imeanguka majini. Akakaa, akauliza habari za kila mtu, akatoa simu. Nilikuwepo. Jovithe akamweleza kwamba sasa unapatikana dukani, kwenye intaneti.

"Dukani?" akasema Consolate. "Mi nitoke hapa mulangoni kwenu, wewe umekaa na kintu, niende kukitafuta kwa Wazungu?"

Hakusema kwa ubaya. Alishangaa tu, na kushangaa kwake kulikuwa kubaya kuliko matusi. Jovithe akanitazama mimi, akamtazama mama yake aliyekuwa anapita na sinia. Mtoto wa Dorothée amnyime kitu mama aliyesimama pale na kuimba siku ya mazishi ya baba yake? Haiwezekani. Hata mimi, na mdomo wangu huu, nisingeweza. Jovithe akaufungua mchezo, akamrushia. Na ukishampa Consolate umewapa kwaya, na ukiwapa kwaya umeipa parokia.

Mélissa alilia kwa hasira. "Unatuua na heshima yako!"

"Ni majirani tu," Jovithe akasema. "Majirani ni wangapi?"

Kiangazi kikaisha. Yule bwana mpole akapiga simu, na upole wake wote. Wakubwa wameangalia dukani, wameona watu wachache, wachache mno, karibu wote ni ndugu zetu walio Ulaya. Wanasikitika. Kwa hesabu zao, mchezo haukupata watu.

Mambo ya kuanguka hayana utamu, nitayapita haraka. Hugues alipata kazi Kigali ya kuchora matangazo. Mélissa akaingia kampuni ya simu, na anastahili, wala simlaumu. Umeme ukawa wa kubahatisha, ordinateri mbili zikaungua, zile nyingine zikauzwa. Kibao kikaingia chini ya kitanda cha Dorothée. Jovithe akawa anafundisha watoto wa shule moja ya binafsi kutumia ordinateri, kazi ya heshima, lakini alikuwa anatembea kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Iliyomuumiza siyo ofisi wala mishahara. Iliyomuumiza ni ile hesabu. Aliiamini. "Hawakuucheza, tonton," alikuwa ananiambia. "Ilikuwa kelele ya kartie tu."

Nilikuwa nataka kumpiga kofi na kumkumbatia, vyote pamoja.

Na siku ya kuomba ilikuwa imekwisha kupangwa. Akina mama walishachagua mavazi, vinywaji vilishaagizwa, watu wa Bukavu walishasema wanakuja. Jovithe akataka tuahirishe. Esperance akamjibu kwamba kama hataki aseme hataki, lakini yeye hatamngojea kiboko arudi ziwani. Dorothée akaniita pembeni, jikoni kwake.

"Kaka, utasema ni injinia wa ordinateri. Basi. Ukianza mambo ya baiskeli na ndizi mbele ya yule mzee, mi nakufa pale pale."

"Na akiuliza kampuni inatoa bidhaa gani?"

"Utatafuta maneno. Si ndiyo kazi yako?"

Ilikuwa kweli, ndiyo kazi yangu. Lakini roho yangu ilikuwa nzito. Yule mzee aliuliza mapema, waziwazi, kama mtu mzima. Ukimjibu uongo mbele ya watu na siku moja akajua, umemharibia mtoto ndoa kabla haijaanza. Ukimjibu ukweli, kwamba kijana alikuwa na kibao mlangoni na sasa hana hata kibao, anaweza kuturudisha Ngagara na kreti zetu za vinywaji zikiwa zimejaa. Nililala na kuamka na jambo hilo mpaka siku yenyewe.

Tukaenda. Hema lilikuwa limesimamishwa uani kwa Namegabe, sisi upande huu, wao upande ule, katikati uwazi wa kusemea. Msemaji wao alikuwa Birindwa, ndugu wa mzee, mtu mrefu mwenye maneno matamu. Kwa kuwa sisi Warundi na wao Wakongomani, shughuli yote ilikuwa ya Kiswahili, kama tulivyokubaliana. Nyuma yao walijazana vijana, mabinti, wapwa, watu wa Uvira waliovuka asubuhi.

Birindwa akaanza. "Tunaona bageni bamekaa bazuri. Lakini hatujue munatoka wapi, na munatafuta nini. Kama muko na mudomo, museme."

Nikasimama. Nikaweka kanzu sawa. Nikakohoa kidogo.

"Amani kwa nyumba hii," nikasema. "Sisi ni watu wa Ngagara, tumepita hapa kwa heshima..."

Nyuma kule mtu akakohoa kicheko. Nikaendelea. Wakacheka wawili. Binti mmoja akamfunika mwenzake mdomo. Nikasema neno jingine, safu nzima ya nyuma ikaanza kutikisika. Damu ikanipanda kichwani. Niko mbele ya wakwe, nimevaa, nimejiandaa, na watoto wananicheka usoni! Nikasahau hema, nikasahau dada yangu, nikasahau kila kitu. Kile kifua cha bandarini kikafunguka chenyewe.

"We! Unacheka nini? Macho umeyaacha wapi?"

Loo! Hema likalipuka. Watu waliinama, watu walishikana mabega, mama mmoja mnene wa upande wao alikuwa anajipepea kwa kitenge huku machozi yanamtoka. Vijana wakaitikia kwa pamoja, kwa sauti moja, kama kwaya ya Consolate: "Breki ni mapambo? Ndizi za watu hizo!"

Nikabaki nimesimama mdomo wazi. Ni mara ya kwanza maishani, na Dorothée ni shahidi, isipokuwa Dorothée alikuwa amejifunika uso wote.

Birindwa alisahau usemaji wake. Alinisogelea akanikazia macho. "Papa, ni we? Ndio we unanitukanaka kila siku?"

"Unaujua mchezo huu?" nikamuuliza.

"Kama naujua! Uvira yote inaujua. Bukavu banaucheza. Kule Gatumba, pa mupaka, babebaji ba mizigo bangu bote, bakipumzika, ni we tu unasikika."

Hapo nikageuka kumtafuta Jovithe. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha bwana harusi, amekauka, anamsikiliza Birindwa kama mtu anayesomewa barua kutoka kwa aliyedhani amekufa. Uvira. Bukavu. Gatumba. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti.

Kisha Mzee Namegabe akasimama. Baba wa binti hasemi siku ile. Anakaa, anasemewa. Lakini alikuwa amesimama.

"Ile kintu," akasema, "inatoka kwenu?"

"Inatoka Ngagara, mzee," nikamjibu. "Kwenye sebule ya dada yangu huyu, na viti vyake mpaka leo viko barazani."

"Mi nilizani ni ya Bachina. Nani aliitengeneza?"

Sikuhitaji kutafuta maneno. Jovithe alisimama mwenyewe. Bwana harusi naye hasemi siku ile, lakini siku hiyo kila mtu alishaharibu utaratibu.

"Ni mimi, papa, na wenzangu wawili. Uliniuliza kampuni inatosha kintu gani. Ilitosha hicho. Lakini kampuni ilifungwa. Tuliutoa bure, mutu kwa mutu, tukashindwa kumunyima mutu, na ndio ikatumaliza. Sasa nafundisha watoto. Kampuni sina tena. Sitaki mudanganywe."

Nilisikia Dorothée anavuta pumzi. Jamani, nilijivunia yule mtoto dakika ile kuliko siku aliyopata diplomu.

Mzee Namegabe akatia mkono mfukoni, akatoa simu yake. Akaitazama.

"Hii nilinyanganya bana bangu," akasema. "Nikabapigia makelele. Kisha nikafika Gatumba, gari ikakawia, nikasema ngoja nione kintu gani kinabapotezea akili. Tangu siku ile nateremuka." Watu wakaanza kucheka, akainua mkono. "Mungoje. Mi niko mu biashara tangu kijana. Natafuta gari, nalipa kodi ya dwane, naomba huyu, nabembeleza huyu, ili bidhaa ivuke mupaka. Na bado batu banakataa kuichukua. Huyu mutoto bidhaa yake ilivuka yenyewe. Mutu anaipa mutu. Sijaona bidhaa ya vile. Kosa lako ni moja tu, kijana. Hukuweka mutu wa kukaa mbele ya duka, wa kusema apana."

Akageukia nyumba, ambako Esperance alikuwa amefichwa na dada zake akingojea kutolewa.

"Na ule mutu eko mule ndani. Tangu mutoto, hakuna mutu ameondoka mbele ya meza yake na kitenge bure, hata mi baba yake. Munamuomba?"

"Tunamwomba!" tukajibu sote, upande wetu mzima, hata wasio na haki ya kujibu.

"Basi. Birindwa, endelea na kazi yako."

Birindwa akajaribu kuendelea, lakini maneno yake matamu yalikuwa yamekwisha. Vigelegele vilikuwa vimeshaanza, na kreti zetu zilikuwa zinafunguliwa.

Baadaye, watu wanakula, mzee alinisogelea na ile simu yake, akainama sikioni kwangu kama mtu anayeomba siri.

"Mutani wangu, mi sijafika soko hata siku moja. Kila siku naanguka ile kona ya mwisho. Bananiambia mutu akifika, unamuambiaka neno. Unisemee nisikie."

Meza nzima ilikuwa inasikiliza. Mkwe, nyumbani kwake, siku ile, baada ya mambo yote yale! Mtu mwingine angemsemea.

"Apana, mzee," nikamwambia. "Ile haiombwi. Ufike sokoni."

Akanipiga bega, akacheka mpaka akakohoa, na nikajua tumekuwa ndugu.

Jioni jua linashuka tulikuwa tunapakia kreti tupu kwenye gari. Jovithe, bwana harusi na suti yake, naye alikuwa anabeba, hakuna aliyeweza kumkataza. Akafika mbele yangu na kreti mikononi, akasimama.

"Tonton. Umesikia? Mpaka Bukavu."

"Nimesikia."

"Waliucheza."

Nilitaka kumtania, nilikuwa na maneno tayari, lakini nikayaacha. Muda ule wote alikuwa ameliweka neno langu mwisho wa barabara, mahali pagumu, watu wengine walifikie, na yeye mwenyewe hakuna aliyewahi kumwambia. Nikalisema kama nilivyolisema siku ile kati ya magodoro, pole pole, bila kelele.

"Haya. Leo umekuwa mutu."

Akaweka kreti chini, akafunika uso kwa mikono miwili, akalia pale pale barabarani, Mutakura nzima inamwona. Nilimwacha alie kidogo. Halafu nikamwambia anyanyue kreti, gari la watu linasubiri.